Mvuke wa Nusukaputi na Mishipa ya Mapafu: Historia ya Swali la Maabara na Uzito Wake katika Hospitali za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya swali moja la fiziolojia: je, dawa za nusukaputi zinazovutwa kwa pumzi hudhoofisha uwezo wa mishipa ya damu ya mapafu kujibana pale oksijeni inapopungua? Swali hilo lilijibiwa, kwa sehemu kubwa, kati ya mwaka 1946 na 1987 katika maabara na vyumba vya upasuaji vya Ulaya na Marekani. Insha inalipitia jibu hilo hatua kwa hatua, kisha inalipima kwa mazingira ya hospitali za nje ya kitovu cha jiji la Dar es Salaam, hususani Mwananyamala iliyoko Kinondoni na hospitali ya Temeke. Hoja kuu ni kwamba majaribio mengi yalichunguza pafu ambalo sehemu yake moja tu ilinyimwa oksijeni, ilhali hatari kubwa zaidi pale dawa inapobebwa na hewa ya chumbani ni pafu zima kupungukiwa na oksijeni. Tofauti hiyo inabadili maana ya matokeo, na inabadili pia kinachostahili kutangulizwa katika mafunzo na katika ununuzi wa vifaa.

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba ya upasuaji Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata majengo na watu: hospitali ilifunguliwa lini, nani aliijenga, nani alifundishwa humo. Historia ya mawazo yaliyoongoza kazi ndani ya majengo hayo imepewa nafasi ndogo zaidi. Hata hivyo, mtaalamu wa usingizi anayesimama kichwani mwa mgonjwa hutenda kwa kufuata mawazo hayo. Rangi ya midomo ya mgonjwa inapobadilika, jambo analolifanya kwanza hutegemea maelezo aliyofundishwa kuhusu chanzo cha mabadiliko hayo.

Miongoni mwa maelezo yanayofundishwa ni lile la mwitikio wa mishipa ya damu ya mapafu. Mishipa ya sehemu nyingi za mwili hutanuka oksijeni inapopungua, ili damu ifike kwa wingi zaidi. Mishipa midogo ya ateri ya mapafu hufanya kinyume chake: hewa iliyo jirani nayo ikiwa na oksijeni kidogo, hujibana. Katika insha hii jambo hilo linaitwa mwitikio wa mbano. Faida yake ni dhahiri pale sehemu moja ya pafu inapoziba kwa makohozi, kujaa usaha au kusinyaa. Damu huelekezwa mbali na sehemu hiyo, ikapelekwa kwenye vifuko vya hewa vinavyofanya kazi, na hivyo damu inayorudi moyoni haipungukiwi sana na oksijeni.

Iwapo dawa ya usingizi inaudhoofisha mwitikio huo, damu itaendelea kupita katika sehemu isiyo na hewa na kurudi moyoni bila kuchukua oksijeni. Wasiwasi huo ndio uliozaa utafiti wa zaidi ya miongo minne. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi utafiti huo ulivyokua, dawa zilizouchochea, na kwa nini matokeo yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi chumba cha upasuaji cha Temeke bila kuulizwa upya.

2.0 Kuzaliwa kwa swali: 1894 hadi 1947

Dalili za kwanza ziliandikwa mapema. Mwaka 1894 Bradford na Dean, nchini Uingereza, waliripoti kwamba shinikizo la damu katika ateri ya mapafu hupanda mnyama anapokosa hewa. Wakati huo haikuwa rahisi kutenganisha sababu. Mnyama anayekosa hewa hupungukiwa na oksijeni, hurundika hewa ya ukaa, na moyo wake hubadilika. Lolote kati ya hayo lingeweza kupandisha shinikizo.

Hatua iliyotoa sura mpya ilitokea Stockholm mwaka 1946, pale Ulf von Euler na Göran Liljestrand walipochapisha majaribio yao juu ya paka. Paka walipopewa hewa yenye oksijeni kidogo, shinikizo la ateri ya mapafu lilipanda. Walipopewa oksijeni safi, lilishuka. Mchango wao mkubwa ulikuwa tafsiri waliyoitoa. Walipendekeza kwamba mapafu yenyewe hugawa damu kwa kufuata hewa iliyopo, hivyo mbano wa mishipa ni utaratibu wenye manufaa. Von Euler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi nyingine, inayohusu vipitishi vya habari vya neva, lakini makala ya 1946 imebaki kuwa msingi wa taaluma nzima ya mzunguko wa damu katika mapafu.

Mwaka uliofuata, 1947, Motley, Cournand na wenzao huko New York walionesha kwamba jambo hilo hutokea pia kwa binadamu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mbinu ya kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni ilikuwa imekomaa; mbinu hiyo ndiyo iliyompatia Cournand, pamoja na Forssmann na Richards, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956.

Kuna tofauti moja katika majaribio haya ya mwanzo ambayo baadaye ilisahaulika kwa urahisi. Paka wa Stockholm na watu wa New York walivuta hewa pungufu kwa mapafu yote mawili. Kilichopimwa kilikuwa mbano wa pafu zima, unaopandisha shinikizo na kuutwisha upande wa kulia wa moyo mzigo. Kilichofasiriwa, kwa upande mwingine, kilikuwa manufaa ya mbano wa sehemu ya pafu, unaohamisha damu. Hayo ni matokeo mawili ya utaratibu mmoja. La kwanza humdhuru mgonjwa na la pili humwokoa.

3.0 Dawa zilizouchochea mjadala

Wakati fiziolojia hiyo inajengwa, nusukaputi ya kuvuta ilikuwa na umri wa karne nzima. Tarehe 16 Oktoba 1846 William Morton alionesha hadharani matumizi ya etha katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Novemba 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alitangaza klorofomu. Dawa hizo zilienea ulimwenguni pamoja na hospitali za kimisheni, za kijeshi na za kikoloni. Mjini Dar es Salaam tiba ya hospitali ilianza kupata majengo ya kudumu zama za Wajerumani, ikiwemo hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji na ile ya Ocean Road iliyokamilika mwaka 1897.

Mwaka 1956 una nafasi ya pekee katika historia hii, kwani mambo matatu yalikutana. La kwanza ni kuchapishwa kwa maelezo ya chombo cha EMO, kilichobuniwa na Epstein na Macintosh wa Oxford. Chombo hicho hakikuhitaji mtungi wa gesi: pumzi ya mgonjwa mwenyewe, au kiriba kinachosukumwa kwa mkono, kilivuta hewa ya chumbani na kuipitisha juu ya etha. Kwa hospitali zilizo mbali na viwanda vya gesi, ubunifu huo ulikuwa na thamani kubwa, na EMO kilienea katika hospitali nyingi za Afrika. La pili ni kuanza kutumika kwa halotheni, iliyotengenezwa na Charles Suckling wa kampuni ya ICI mwaka 1951 na kutumiwa kwa wagonjwa na Michael Johnstone huko Manchester. Halotheni haiwaki moto, haina harufu ya kukera, na humlaza mgonjwa haraka. La tatu ni kufunguliwa kwa Hospitali ya Princess Margaret mjini Dar es Salaam, ambayo baada ya Uhuru ilikuja kuitwa Muhimbili, na ambayo kuanzia mwaka 1963 ilikuwa kitovu cha shule ya udaktari ya nchi.

Etha na halotheni zilitofautiana kwa namna inayogusa moja kwa moja suala la oksijeni. Etha huhitaji kuvutwa kwa kiasi kikubwa. Mvuke wake ukichukua asilimia 10 ya hewa anayovuta mgonjwa, oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu asilimia 19. Hata hivyo, etha huchochea upumuaji. Halotheni hutumika kwa asilimia chache tu, kwa hiyo haipunguzi sana oksijeni ya hewa, lakini hudhoofisha upumuaji na nguvu ya moyo. Zaidi ya hayo, etha huwaka ikichanganyika na hewa na hulipuka kwa nguvu zaidi ikichanganyika na oksijeni. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumwongezea mgonjwa wa etha oksijeni alilazimika kufikiria pia cheche za vifaa vya umeme. Halotheni iliondoa kizuizi hicho, ila ilimfanya mgonjwa aihitaji zaidi oksijeni ya nyongeza.

4.0 Miaka ya majaribio: 1963 hadi 1987

Ili kulinganisha mvuke mmoja na mwingine palihitajika kipimo cha pamoja. Kuanzia mwaka 1963 Edmond Eger na wenzake walikipendekeza: kiasi cha mvuke ndani ya vifuko vya hewa kinachofanya nusu ya wagonjwa wasijitikise ngozi inapokatwa. Kwa kipimo hicho cha Eger watafiti waliweza kuuliza kwa usahihi zaidi: je, mvuke wa kiasi kinachotosha upasuaji unapunguza mwitikio wa mbano kwa kiasi gani?

Jibu la kwanza lilitoka katika mapafu yaliyotolewa mwilini. Mwaka 1972 Keith Sykes na wenzake wa London walichapisha majaribio juu ya mapafu ya mbwa na paka yaliyokuwa yakipitishiwa damu kwa pampu, na wakaonesha kwamba dawa za kuvuta zinaweza kuudhoofisha mwitikio. Faida ya mbinu hiyo ilikuwa udhibiti: pampu ilitoa damu kwa kasi ileile muda wote, hivyo mabadiliko ya shinikizo yalitokana na mishipa yenyewe. Mwaka 1984 Marshall, Lindgren na Marshall wa Philadelphia walitoa takwimu zilizo wazi zaidi kwa kutumia mapafu ya panya. Halotheni, enflureni na aisoflureni zote zilipunguza mwitikio, na kila moja ilifikia nusu ya upunguzaji wake kwa kiasi kilicho karibu na nusu ya kipimo cha Eger. Kwa maneno mengine, kiasi cha kawaida cha upasuaji kilitosha kuudhoofisha sana.

Jibu la pili, lililotoka kwa wanyama wazima, lilikuwa na utata. Mathers, Benumof na Wahrenbrock wa San Diego waliripoti mwaka 1977 kwamba kwa mbwa walionyimwa oksijeni katika kipande kimoja cha pafu, aisoflureni ilipunguza mwitikio, lakini halotheni haikuonesha upungufu wa wazi. Dawa za kudungwa mshipani hazikuudhoofisha.

Jibu la tatu lilihusu binadamu, nalo pia halikukubaliana. Mwaka 1978 Lars Bjertnæs wa Norwe alichapisha uchunguzi wa wagonjwa ambao mapafu yao mawili yalipitishiwa hewa tofauti kwa wakati mmoja. Alihitimisha kwamba etha na halotheni huuzuia mwitikio wa mbano. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki makala hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa dawa hizo mbili ndizo zilizokuwa nguzo ya vyombo vya hewa ya chumbani. Lakini mwaka 1987 Carlsson, Bindslev na Hedenstierna wa Uswidi, kwa mbinu inayokaribiana, hawakupata upungufu wa maana kwa wagonjwa waliovuta aisoflureni. Mwaka huohuo Benumof na wenzake waliripoti juu ya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa kifua huku pafu moja tu likipitishiwa hewa: halotheni na aisoflureni zilipunguza oksijeni ya damu kwa kiasi kidogo tu.

Tofauti hizo zilielezwa taratibu kwa kuangalia moyo. Mvuke wa nusukaputi hugusa mishipa ya mapafu na moyo kwa pamoja. Moyo ukisukuma damu kidogo, shinikizo ndani ya ateri ya mapafu hushuka, na damu inayorudi kutoka mwilini huja ikiwa na oksijeni pungufu zaidi. Mambo yote mawili huimarisha mbano. Hivyo dawa hudhoofisha mbano kwa mkono mmoja na kuuimarisha kwa mkono mwingine. Katika pafu lililounganishwa na pampu mkono wa pili haupo, na ndiyo maana matokeo yake yalikuwa makali. Domino na wenzake walitoa ushahidi mwaka 1986 walipochunguza mbwa waliopewa aisoflureni: walipoyatenga matokeo ya mabadiliko ya moyo, upungufu wa mwitikio katika kipimo kimoja cha Eger ulikuwa takribani theluthi moja au pungufu ya hapo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, basi, jibu lilikuwa limetulia: mvuke huudhoofisha mwitikio wa mbano, udhoofishaji huongezeka kadiri mvuke unavyoongezeka, na kwa mgonjwa wa kawaida anayepewa oksijeni ya kutosha, athari yake kwenye oksijeni ya damu ni ndogo. Kifungu hicho cha mwisho, «anayepewa oksijeni ya kutosha», ndicho kinachohitaji kusomwa upya kutokea Dar es Salaam.

5.0 Kutoka kipande cha pafu hadi pafu zima

Hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zilikua pamoja na jiji lililotanuka kuliko mipango yake. Magomeni, Kinondoni na Temeke yalikuwa maeneo ya makazi ya Waafrika nje ya kitovu cha mji wa kikoloni, na baada ya Uhuru yaliendelea kupokea wahamiaji wengi. Muhimbili, iliyokusudiwa kuwa hospitali ya rufaa, ililemewa na wagonjwa ambao wangeweza kutibiwa karibu na makazi yao. Mradi wa Afya wa Jiji la Dar es Salaam, ulioanza mwaka 1990 kwa msaada wa Uswisi, ulilenga kupunguza mzigo huo kwa kuimarisha zahanati, vituo vya afya na hospitali tatu za wilaya, yaani Amana ya Ilala, Mwananyamala ya Kinondoni na Temeke. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,775,049 Kinondoni na 1,368,881 Temeke, kabla wilaya za Ubungo na Kigamboni hazijamegwa kutoka humo. Kila moja ya wilaya hizo ilikuwa na watu wanaotosha kuwa jiji, na hospitali yake kuu ilibeba upasuaji wa dharura, hasa wa uzazi. Hospitali hizo baadaye zilipandishwa hadhi kuwa za rufaa za mkoa.

Katika hospitali ya ngazi hiyo, swali la kwanza la mtaalamu wa usingizi mara nyingi hutangulia lile la Philadelphia. Linahusu kiasi cha oksijeni kilichomo katika hewa inayobeba dawa. Hesabu fupi inaonesha sababu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni karibu milimita 760 za zebaki. Ukitoa milimita 47 za mvuke wa maji ndani ya mapafu, zinabaki 713, na asilimia 21 ya hizo ni takribani 150. Mtu anayepumua vizuri ana shinikizo la hewa ya ukaa la milimita 40. Kiasi hicho hugawanywa kwa 0.8 na kutolewa katika 150, hivyo vifuko vyake vya hewa hubaki na oksijeni ya milimita 100. Halotheni ikidhoofisha upumuaji hadi hewa ya ukaa ifike 60, oksijeni hiyo hushuka hadi 75. Ikifika 80, hushuka hadi 50.

Katika hali hiyo ya mwisho hakuna kipande cha pafu kilichobaki na hewa nzuri. Mishipa yote ya mapafu imo katika mazingira yanayoiamuru ijibane, na damu haina mahali pa kuhamishiwa. Manufaa waliyoyaona von Euler na Liljestrand yametoweka. Umebaki mzigo kwa moyo. Iwapo dawa inaudhoofisha mbano au haiudhoofishi, oksijeni ya damu haiwezi kupanda juu ya ile iliyomo ndani ya vifuko. Kinyume chake, hewa inayovutwa ikiongezewa oksijeni hadi asilimia 30 tu, hesabu ileile kwa mgonjwa yuleyule mwenye hewa ya ukaa ya 80 hutoa milimita 114. Nyongeza ya asilimia tisa imefanya kazi ambayo hakuna uteuzi wa mvuke ungeweza kuifanya.

Hapo ndipo historia ya maabara na historia ya jiji zinapoachana. Majaribio ya miaka ya 1970 na 1980 yalinyima oksijeni sehemu ya pafu na kuipa sehemu iliyobaki oksijeni kwa wingi, kwa sababu ndivyo hali ilivyo katika upasuaji wa kifua wa nchi tajiri. Swali hilo lipo Dar es Salaam pia, lakini lipo hasa katika taasisi za rufaa za Muhimbili zinazofanya upasuaji wa kifua na wa moyo. Kilomita chache kutoka hapo, katika upasuaji wa dharura wa wilaya, hatari inayotangulia ni ile ya pafu zima. Mtaala unaofundisha jibu la kwanza bila kulitenganisha na la pili unaweza kumfanya mwanafunzi alaumu mvuke mahali ambapo angepaswa kutazama mtungi.

Hoja hii ina mipaka yake, na ni muhimu iwekwe wazi. Mgonjwa wa Temeke mwenye nimonia, au ambaye kifua kikuu kimeharibu sehemu ya pafu lake, ana pafu lililogawanyika kama lile la maabara hata kabla ya kulazwa usingizi. Vilevile, nusukaputi yenyewe husababisha sehemu za chini za mapafu kusinyaa, jambo lililooneshwa kwa picha na kundi la Hedenstierna katika miaka ya 1980. Damu inayopita katika sehemu iliyosinyaa kabisa haifaidiki sana na oksijeni ya nyongeza. Kwa wagonjwa hao mwitikio wa mbano una kazi ya kufanya, na mvuke mwingi unaweza kuwagharimu. Lakini hata kwao swali la mbano hupata maana baada ya oksijeni kupatikana.

6.0 Oksijeni, macho ya mtaalamu, na njia nyingine

Historia ya oksijeni jijini ni historia ya viwanda kama ilivyo historia ya tiba. Gesi ileile ilihitajika na mchomeleaji vyuma na na mgonjwa, na ilisafiri kwa mitungi mizito inayojazwa kiwandani. Kampuni ya gesi ya TOL, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Aprili 1998, ni mfano wa uhusiano huo. Mashine zinazochuja oksijeni kutoka katika hewa zilipunguza utegemezi wa mitungi, ila zilileta utegemezi wa umeme, na miaka ya mgao wa umeme kama 2006 na 2011 ilikumbusha udhaifu wa njia hiyo. Ugonjwa wa UVIKO-19, ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza Machi 2020, uliigeuza oksijeni kuwa suala la kitaifa. Hospitali ya Amana ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa ugonjwa huo, na mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba 2021 ulijumuisha mitambo ya kuzalisha hewa tiba. Katika kipindi hichohicho mwitikio wa mbano ulirudi katika mijadala ya kimataifa, baada ya Gattinoni na wenzake kupendekeza kwamba kupotea kwake kulichangia upungufu mkubwa wa oksijeni kwa baadhi ya wagonjwa.

Jambo la pili ni uwezo wa kuona. Mbano wa mishipa hauonekani kwa macho, na rangi ya midomo hubadilika kwa kuchelewa. Kipima oksijeni cha kidoleni, kilichotokana na wazo la Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiliwezesha upungufu kuonekana mapema. Kifaa hicho kilikuwa sehemu ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane ulimwenguni zilizoshiriki katika utafiti wa orodha hiyo uliochapishwa Januari 2009. Kwa hiyo Tanzania ilichangia ushahidi uliobadili desturi za vyumba vya upasuaji duniani, na mchango huo ulitoka katika hospitali ya wilaya.

Jambo la tatu ni njia zinazokwepa mvuke. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hutumika sana kwa upasuaji wa uzazi, haiigusi mishipa ya mapafu kwa namna ya halotheni. Ketamini, iliyoanza kupewa binadamu katikati ya miaka ya 1960, huhifadhi upumuaji kwa kiasi kikubwa, na kama dawa nyingine za kudungwa, haiudhoofishi mwitikio wa mbano kama mvuke. Pendekezo la mwaka 2015 mbele ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya la kuidhibiti ketamini kimataifa lilipingwa kwa hoja kwamba hospitali nyingi za nchi maskini zingebaki bila nusukaputi salama. Utetezi huo ulijengwa juu ya uzoefu wa miongo mingi wa hospitali zilizofanya upasuaji bila oksijeni ya uhakika. Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Nusukaputi ulioanza mwaka 2018 uliweka wataalamu, vifaa na dawa katika hati moja. Muundo huo unaafikiana na hoja ya insha hii: mvuke, oksijeni na jicho la mtaalamu haviwezi kupangwa kimojakimoja.

7.0 Hitimisho

Kutoka kwa paka wa Stockholm mwaka 1946 hadi wagonjwa wa San Diego mwaka 1987, sayansi ilijifunza kwamba mvuke wa nusukaputi hudhoofisha mwitikio wa mishipa ya mapafu kwa upungufu wa oksijeni, na kwamba kwa mgonjwa mzima udhoofishaji huo hufidiwa kwa sehemu na mabadiliko ya moyo. Hitimisho hilo ni sahihi. Lakini lilipatikana pale ambapo oksijeni ya nyongeza ilichukuliwa kuwa ipo, na dhana hiyo haikuandikwa katika muhtasari wa matokeo.

Hospitali za Kinondoni na Temeke zinaidhihirisha dhana hiyo. Pale hewa ya chumbani inapobeba dawa, tatizo huhama kutoka kipande cha pafu hadi pafu zima, na dawa ya tatizo huhama kutoka uteuzi wa mvuke hadi upatikanaji wa oksijeni. Kwa walimu wa nusukaputi, mpangilio wa somo unaofaa ni kuanza na hesabu ya hewa ya vifuko, kisha mwitikio wa mbano, na mwisho tofauti za mvuke mmoja na mwingine. Kwa wapangaji wa huduma, chombo kipya cha mvuke kisichoambatana na chanzo cha oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni ni ununuzi usiokamilika. Kwa watafiti wa historia ya tiba, kisa hiki kinaonesha kwamba swali la kisayansi linapovuka bahari hubeba hewa ya mahali lilipozaliwa, na kazi ya kulipima upya huanza kwa kuuliza hewa hiyo ilikuwa na oksijeni kiasi gani.